Pikapu ya Marehemu Shemeji, Kutoka Gerezani Hadi Ng'ambo

Wenzangu wa kijiweni, mmeniuliza vya kutosha. Wengine mmepiga simu, wengine mmepita dukani mkijifanya mnaulizia mapazia huku mnanikagua usoni. Nimekiona pia kile kipande cha video kinachozunguka kwenye simu zenu, cha mwanaume mwenye suti ya bluu aliyezamisha kichwa kwenye boneti, makalio juu, watu wanacheka. Ndiyo, ni mimi. Naandika mara moja, someni wote, halafu tusirudie tena, kwa sababu kila nikisimulia kwa mdomo nikifika pale Kivukoni naishia hapo.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Gerezani, kupita Upanga, kushuka Posta, kuvuka maji kwenda Kigamboni, mtu mwenye akili timamu anaimaliza kabla chai haijamshuka tumboni. Mimi nimewahi kwenda Moshi kwa basi bovu, tukalala njiani, na sikufika nimechoka kama nilivyofika ng'ambo siku ile.

## Gerezani, kabla ya kuondoka

Kwa wasioijua, pikapu hii ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Aliitumia kubebea mizigo ya duka lake hapa Kariakoo mpaka alipofariki. Baada ya hapo ikakaa nyuma ya fleti za Upanga anakoishi dada, matairi yamelala, paka wamezaa kwenye siti. Binti yao Manka alipochumbiwa nikapata wazo. Nikamwambia dada nitaifufua mwenyewe, na siku ya harusi ndiyo itakayobeba matarumbeta mbele ya msafara.

"Itakuwa kama baba yake yupo," nikasema.

Dada alinitazama kwanza. "Wewe unauza mapazia," akasema.

Maneno hayo yalinichoma, na nadhani ndiyo yaliyoniponza. Kamati ya harusi ilikuwa imeshapata pikapu ya kukodi, yenye dereva wake aliyezoea kazi hiyo. Nikasimama kwenye kikao nikawaambia wamfute. Mwenyekiti akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, na mara ya pili nikamjibu kwa ukali kidogo.

Kwenye kikao kingine, cha ukoo, lilitokea jambo ambalo lazima mlijue. Kwetu binti aliyefiwa na baba hupelekwa madhabahuni na baba mdogo, na Manka anaye baba mdogo, Elisante, mtu mpole asiye na makuu. Manka alisimama mbele ya wazee wote, akasema, "Namheshimu sana baba mdogo. Ila naomba atakayenishika mkono awe mjomba. Baba alipougua, yeye ndiye aliyekuwa ananipeleka shule." Elisante akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mwanangu." Mimi nikavimba kichwa siku hiyo na wiki nzima iliyofuata. Basi jueni kwamba siku ya harusi nilikuwa na kazi moja tu niliyoombwa na mtu, kumshika mkono Manka. Hayo mengine yote nilijipa mwenyewe.

Kazi ya pikapu niliifanya jioni baada ya kufunga duka, nikitazama video za mafundi kwenye simu. Nilibadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikaziba rejeta, nikafunga bitana mpya za breki. Nikaipulizia rangi ya krimu, ikachuruzika kidogo kwenye mlango wa kushoto, nikajiambia upande huo watu hawatazami. Nyuma nikafunga mabenchi mawili ya mbao na bomba la kushikilia. Hayo yote, kusema kweli, yalikaa vizuri, na kila yalipokaa vizuri nilizidi kujiona fundi.

Kisha nikataka honi. Msafara wa harusi bila honi ya maana ni kama msafara wa mazishi, nikaona honi ile ndogo ya zamani inalia kama bata. Nikaenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri nikachagua honi ya lori, yenye mabomba mawili. Muuzaji akauliza, "Nikuitie fundi umeme akufungie?"

"Fundi ni mimi," nikamwambia.

Nikaifunga mwenyewe. Ilihitaji waya wenye moto, na waya mmoja ulikuwa karibu, mkono unafika vizuri. Sikuuliza ule waya una kazi gani nyingine. Nikauchuna, nikaunga, nikazungushia utepe mweusi. Honi niliijaribu injini ikiwa imezimwa, na injini niliijaribu bila honi, kwa sababu majirani wa fleti walishanikemea kwa kelele. Vyote viwili vilifanya kazi, nikafunga boneti nikaenda kuoga.

## Gerezani hadi Upanga

Asubuhi ya harusi nilivaa suti yangu mpya ya bluu nikaenda kuwachukua matarumbeta. Niliwakuta nje ya mgahawa mmoja pale Gerezani, wamevaa sare nyekundu, wanakunywa chai ya rangi na chapati na maharage. Kiongozi wao ni mzee mmoja wa Pwani, Chande, mpiga tarumbeta, mashavu yamelegea kwa kupuliza miaka mingi.

"Shikamoo, mzee Chande."

"Marahaba. Ndiyo gari yenyewe hii?" Akaizunguka, akalitingisha benchi kwa mkono. "Inaenda?"

"Inaenda vizuri kabisa, mzee. Nimeitengeneza mwenyewe."

Akaitazama tena, sasa kwa makini zaidi kuliko mwanzo, halafu akawaambia wenzake wamalize chai taratibu. Nami nikala chapati mbili nikiwa nimejiwekea leso kifuani, nikiwaeleza mambo ya kabureta. Walinisikiliza kwa adabu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalipia.

Tulipoingia mtaa wa Msimbazi, wakaanza kupiga. Sijui niwaelezeje ile raha. Shaba inalia nyuma ya kichwa changu, ngoma kubwa inagonga mpaka usukani unatetemeka, wenye maduka wanatoka milangoni. Nikawasha indiketa za pande zote mbili kama desturi ya harusi ilivyo, nikaikandamiza honi. Iliunguruma, watu wakaruka. Nikaikandamiza tena, na tena, nikiwaondoa njiani wenye mikokoteni kwa honi tu. Mbele kidogo, katikati kabisa ya barabara, pikapu ikazima.

Nilimwambia Chande waendelee kupiga wakati natazama tatizo. Hilo lilikuwa kosa, maana hapa Kariakoo tarumbeta likisikika kwenye pikapu iliyosimama, kila mtu anajua ni tangazo la biashara. Watu wakajaa.

"Mnatangaza nini?" mama mmoja akauliza.

"Hatutangazi, mama. Ni harusi."

"Harusi ya duka gani?"

Kijana wa kubeba mizigo akapenya mpaka kwangu. "Bosi, kama ni fulana, niwekee saizi kubwa." Nikamwambia hakuna fulana. Akageuka akawatangazia wenzake kwamba bosi anaficha fulana, na watu wawili wakapanda nyuma kuzitafuta chini ya mabenchi, Chande akiwapulizia tarumbeta masikioni washuke. Basi la mwendokasi likatupigia honi kwa nyuma. Mimi nilikuwa nimefungua boneti, natingisha kila waya ninaoufikia. Wenye mikokoteni wakatusukuma mpaka pembeni, wakinizomea na kunipa pole kwa pamoja, kama mnavyowajua.

Nikajaribu tena, ikawaka. Nikaamini ni mikono yangu iliyoiponya. Kumbe, kama mtakavyoona, ilikuwa imepumzika tu kwa kuwa nilikuwa nimeacha kupiga honi.

## Upanga

Kwa dada kulikuwa kumechangamka. Akina mama wamevaa sare ya kitenge, vigelegele vinatoka kila ghorofa, na jirani wa Kihindi wa ghorofa ya chini ametoa sinia la kachori na chai ya maziwa kwa yeyote anayepita. Nilikula kachori tatu nimesimama kando ya pikapu ili watu waione. Chande naye alipewa chai, akainywa akinitazama. Kwa heshima yake, hakumwambia mtu yaliyotokea Msimbazi. Na mimi sikusema.

Elisante alinifuata. Alikuwa amevaa suti ya kijivu ya zamani iliyopigwa pasi vizuri. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "kuna rafiki yangu ana pikapu, iko hapo nje tupu. Kama ikitokea shida yoyote..."

"Shida gani?" nikamkata.

"Hapana, nasema tu kama."

"Elisante, hii gari naijua msumari kwa msumari."

Akaniitikia kwa kichwa, akaondoka. Nikamwona anakwenda kumwambia rafiki yake waziwazi kwamba haitahitajika, na nikafurahi. Leo nikikumbuka ile furaha nafumba macho.

Dada akatoka akasema kwenda kanisani Kigamboni tupite darajani, barabara ni ya moja kwa moja. Nikakataa. Nikamwambia tupite Kivukoni, tuvuke kwa pantoni, matarumbeta yapige juu ya maji. Marehemu angelipenda hilo, nikasema, kwa sababu nilishajua kwamba nikimtaja marehemu hakuna anayenibishia. Nalo hilo nalionea aibu.

Kisha Manka akatoka. Sitaeleza gauni, mmeona picha. Alipofika kwenye gari ya maharusi akasimama, akageuka kunitafuta.

"Mjomba, si unapanda na mimi?"

"Mimi naendesha mbele. Tutakutana mlangoni pa kanisa, nakushika mkono, tunaingia."

"Hakuna mtu mwingine wa kuendesha?"

"Hakuna anayeijua," nikasema.

Akacheka kidogo. Akamwambia matroni wake asikalie ile nafasi ya pembeni, aiache wazi, mjomba akichoka ahamie. Kumbukeni kwamba alikuwa na wasiwasi wa kufunga ndoa, si wa gari.

## Posta

Tulitoka kwa kishindo. Pikapu mbele, nyuma yetu gari ya maharusi, kisha gari ya Elisante na dada, kisha basi dogo la akina mama. Magari yote yanapiga honi, indiketa zinawakawaka, na mimi mbele yao na honi ya lori. Tangu Upanga mpaka tunakaribia Posta sikuondoa mkono pale katikati ya usukani. Ikazima tena.

Safari hii msafara wote ulisimama nyuma yangu, na nyuma ya msafara, mji mzima. Nikashuka, nikafungua boneti. Askari wa barabarani akaja mbio.

"Mzee, hapa haparuhusiwi kupiga picha za harusi."

"Hatupigi picha, afande. Imezima."

Akatazama utepe, maua, matarumbeta wanaopiga, akatazama mpiga video wa harusi aliyeshuka na kunielekezea kamera. "Mnapiga picha," akasema. "Ondoeni."

Nikamwambia yule wa video azime kamera. Akasema amelipwa kurekodi kila tukio. Hapo ndipo ilipotoka ile video yenu.

Elisante alishuka bila kuitwa. Alisimama katikati ya barabara na suti yake, akiyaelekeza magari yatupite, akiwaomba radhi madereva mmoja mmoja. Dada alikuja mpaka kwenye boneti. Mchungaji amepiga simu, akasema. Ana ndoa nyingine mbili baada ya yetu na hatamsubiri mtu.

"Bado kidogo tu," nikasema.

"Hiyo kidogo yako imetoka Msimbazi," akajibu. Kwa hiyo alijua. Akina mama wa sare walishapata habari kwa simu kutoka kwa mtu aliyetuona Kariakoo.

Nilitingisha waya zilezile. Ikawaka. Na nini nilichofanya kwanza nilipokaa kwenye usukani? Nilipiga honi, kuwaonyesha wote kwamba iko sawa. Nyuma yangu wakaitikia, lakini wachache.

## Kivukoni

Pale Feri, penye kivuko, tulipishwa. Watu wana moyo na harusi, na mlinzi alipoona maua akatufungulia njia tupite kando ya foleni. Wauza samaki wakatupungia, mama mmoja akaacha kaango lake akacheza mbele ya pikapu na kijiko mkononi. Pantoni ilikuwa imeshafika, imeshusha lile bati kubwa la chuma, magari yanapanda. Chande akasimama juu ya benchi akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikaona kila kitu kimekuwa kama nilivyokipanga. Nikapiga honi ndefu.

Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya bati, ya nyuma yakiwa bado nchi kavu, ikazima.

Nyie mnaijua Feri. Abiria mia wanakutazama kutoka juu, mamia wengine nyuma yako, na mtu wa pantoni anapiga filimbi mbele ya uso wako. "Toa gari! Toa gari!" Muziki ukakatika ala moja moja, ngoma kubwa ikawa ya mwisho. Wavuvi na wauza samaki wakaja, mikono imejaa magamba ya samaki, wakashika pikapu ya krimu wakairudisha nyuma mpaka pembeni ya njia. Mmoja akaniuliza kama ninauza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Gari ya maharusi ikasogea mbele, ikawa sambamba nami. Kioo kikashuka. Manka hakuwa amekasirika, hilo ndilo linaloniumiza.

"Mjomba, iache. Njoo upande."

"Nipe dakika mbili."

"Iache hapo. Tutairudia kesho. Nafasi yako hii hapa." Akapiga kiti kwa kiganja chenye glavu nyeupe.

Wenzangu, ilikuwa ni hatua tatu. Mlango ulikuwa upande wangu. Mzee Chande alishashuka na watu wake, wanapanda pantoni kwa miguu, ngoma mabegani, wala hawakunilaumu. Yule mama wa kaango akaniambia, "Kaka, nenda na mwanao, mimi nitakuangalizia gari lako." Kila mtu pale alishaliona jibu. Na mimi nikatazama watu wote waliokuwa wanatazama ile pikapu. Nikawaza, nikiiacha hapa, itakuwa imenishinda. Watasema muuza mapazia.

"Tangulieni," nikamwambia. "Nakuja na pantoni hiihii. Naijua ilipo shida."

Manka alinitazama, halafu akatazama suti yangu iliyochafuka. Akapandisha kioo. Gari ikapanda pantoni, ya Elisante ikafuata, na basi la akina mama.

Niliinama kwenye boneti kama mtu anayezama. Nikatingisha, nikapuliza, nikabana. Nilisikia filimbi ya kuondoka. Nikarukia kwenye usukani, nikawasha, ikawaka! Ilinguruma safi kabisa. Bati lilikuwa ndiyo linaanza kunyanyuka, na nikaona bado wanaweza kunisubiri kama wakijua imewaka. Nikapiga honi wanisikie.

Ikazima palepale, mkono ukiwa bado juu ya honi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ule waya niliouunga kwa sababu uko karibu ni waya unaopeleka moto kwenye koili, na bila moto huo injini haiwaki. Honi ya lori ilikuwa inaunyonya, maungio yangu yanapata joto yanaachia. Pikapu yenyewe ilikuwa nzima. Aliyekuwa anaizima tangu asubuhi ni mimi, kila nilipofurahi. Nikatoa mkono kwenye honi na kutazama pantoni ikienda. Matarumbeta walianza tena kupiga juu ya maji, na kweli ilipendeza sana.

## Ng'ambo

Mama wa kaango alinipa samaki wa kukaanga juu ya gazeti, na pilipili na ndimu. Sikuomba. Nilimla nimekaa kwenye benchi la matarumbeta, na mafuta yakaungana na yale ya injini. Watu wawili waliniuliza kama ile pikapu yenye maua inakodishwa. Nikawajibu haikodishwi. Nilipomaliza nikakata waya wa honi kwa koleo, kazi ya muda mfupi tu.

Nilivuka na pantoni iliyofuata. Upande wa pili pikapu ilikwenda kama cherehani mpya. Ilipanda, ilishuka, haikukohoa hata mara moja, na nilijisikia vibaya zaidi kuliko kama ingekufa kabisa. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilijiambia ndoa za Bongo haziendi na saa, pengine kwaya inaimba wimbo mrefu, pengine wamenisubiri.

Nilipofika nikaegesha nje ya ukuta wa kanisa. Matarumbeta walikuwa wamekaa kivulini wanakunywa soda. Chande aliponiona akasimama, akanishika bega.

"Alikusubiri mlangoni," akasema. "Mchungaji kaja mara mbili kumwambia. Mara ya tatu yule baba wa suti ya kijivu akamsogelea, akamuuliza, 'Nikupeleke, mwanangu?' Wakaingia."

"Muda mrefu?"

"Aa, mjomba. Nenda tu ukanawe."

Sikunawa. Nilikwenda mpaka mlango wa pembeni nikachungulia. Walikuwa wameshavishana pete. Elisante alikuwa amekaa benchi la mbele, kwenye nafasi iliyofungwa utepe kwa ajili yangu, ila amekaa ukingoni kabisa, kama mtu anayetegemea kuambiwa asimame. Mzee wa kanisa akanitazama mikono, akatazama zulia, akanionyesha kwa adabu kwamba ni bora nibaki pale nilipo. Nikabaki. Nilisikia "Amina" zote kutoka mlangoni.

Walipotoka, matarumbeta walikuwa tayari chini ya ngazi. Watu wakawajaa maharusi, kila mtu anapiga vigelegele, kila mtu anasema hongera, hongera sana. Nilijibanza kwenye nguzo nikisubiri umati upungue. Nilikuwa nimeshaandaa kumwambia nilivyokuwa nimeunga waya vibaya, nilivyogundua, nilivyokata. Elisante aliniona kwanza. Akataka kuja, kisha akaamua kumgusa Manka begani na kumwonyesha nilipo.

Manka akamwachia mumewe mkono akanijia. Nikaificha mikono nyuma. Maneno yote ya waya yakapotea, na nilichotaka kusema ni hongera, kama watu wote, lakini yeye akanitangulia.

"Mjomba," akasema, "imewaka?"

"Imewaka."

Akatikisa kichwa taratibu, machozi yanamlengalenga.

"Hongera," akaniambia. Kisha akakusanya gauni lake asilikanyage, akashuka ngazi.